Plagi za Marehemu Amne

Watu wa Handeni hawakubaliani juu ya mambo mengi, ila kuhusu marehemu Amne hapakuwa na ubishi: hakuwa mwanamke wa kuacha jambo lake njiani. Alifundisha fizikia miaka ishirini na sita, na wanafunzi wake, wengine leo ni watu wazima wenye vitambi na vyeo, wakisikia mtu anakohoa nyuma yao mara tatu huficha mikono. Ndivyo alivyokuwa akionya. Hakupiga kelele wala hakushika fimbo. Alisafisha koo tu: khu, khu, khu. Ukisikia ya tatu, ujue umeshaonekana.

Kwa hiyo gari lake lilipokohoa mara tatu kwenye mlima wa Sindeni, mwaka na miezi minne baada ya yeye kuzikwa, mume wake Abdulaziz hakuhitaji mkalimani.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali, njia nyeupe. Abdulaziz, mfanyabiashara wa mahindi, umri miaka hamsini na minane, alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe, na amejipaka manukato kiasi cha kulevya nzi. Alikuwa anakwenda Korogwe, mtaa wa Masuguru, kujionyesha kwa kaka wa mwanamke aitwaye Husna. Barua ya posa ilikuwa imetangulia na imepokelewa. Kilichobaki ni mposaji mwenyewe kuonekana kwa macho, maana kaka mtu, Sharifu, alisema hamwozi dada yake kwa mwandiko.

Gari lilikuwa la Amne tangu siku lilipotoka bandarini: gari la juu, jeusi, lenye turbo. Ndani yake bado mlinuka mafuta ya nazi na chaki. Kioo cha katikati alikitega yeye kwa kimo chake kifupi, na Abdulaziz hakuwa na moyo wa kukigusa, hivyo kila alipotaka kutazama nyuma aliona kidevu chake mwenyewe.

Alipofika chini ya mlima, akamkumbuka Husna anavyocheka, na mguu ukawa mzito. Akakanyaga mafuta. Turbo ikaanza kupiga mluzi, gari likajikusanya kama ng'ombe anayetaka kuruka boma. Katikati ya mlima likashtuka. Khu. Likashtuka tena. Khu. Khu. Nguvu zikalegea, taa ya manjano kwenye dashibodi ikamkonyeza, na kanzu ikamganda mgongoni.

"Amne?" akasema.

Hakujibiwa. Na waliomjua Amne wanajua kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kubaya zaidi.

Abdulaziz akasoma alichokumbuka, akageuza usukani, akarudi Handeni polepole kama mtu anayesindikiza jeneza. Njia nzima gari halikukohoa tena. Lilikwenda kimya, limeridhika.

Kabla ya kufa, Amne alikuwa amelala siku tisa, na siku ya nane alimshika mumewe mkono akamwambia neno moja tu lililoeleweka: "Gari usilisahau." Abdulaziz alidhani ni homa. Sasa, amekaa barazani na kanzu yake iliyonyong'onyea, alianza kudhani mengine. Jambo alilotaka kulijua lilikuwa moja, na lilimkosesha hamu ya kula: je, Amne amemruhusu kuoa, au amekataa?

Ushahidi ulikuwa upande wa kukataa. Gari halikukohoa likienda sokoni. Halikukohoa likienda Misima kuchukua mahindi. Jirani yake aliliazima kumpeleka mama yake hospitali Korogwe, akapita mlima uleule kwenda na kurudi, akasema, "Gari lako ni godoro, mzee." Ni kweli jirani yule huendesha kama aliyebeba trei ya mayai mapajani, lakini nani angefikiria hilo? Lilichokataa gari ni Husna. Hapakuwa na maelezo mengine.

Hakuwa mjinga, alitafuta mengine. Fundi mmoja wa stendi aliwasha injini, akaweka sikio, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mzee, hii injini inalala usingizi. Sikia."

"Plagi je? Marehemu alikuwa akizibadilisha kila mara."

"Zina kilomita ngapi?"

"Kama elfu thelathini na saba."

"Elfu thelathini na saba!" Fundi akacheka mpaka akashika boneti. "Kitabu cha gari kinasema laki moja. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa anatupa plagi nzima. Hizo ni za kurithisha wajukuu."

Basi, gari likasomewa dua. Walikuja watu kumi na wawili na kahawa na tende, gari likaegeshwa uani limewashwa, likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na kila dua ilipofika mwisho wote wakaitikia amina, wengine wakiligusa. Shangazi mmoja, mkongwe, asiyeamini kwamba kisomo peke yake kinatosha, alichelewa kuondoka kwa makusudi, akanyunyiza unga wa mtama na maji kwenye magurudumu manne, akazungumza na marehemu Kizigua kirefu. Hata gurudumu la akiba lilipewa chake, lisije likalalamika.

Wiki mbili baadaye Abdulaziz alitoka tena, safari hii na rafiki yake Adamu, mshenga wake, mtu anayejisifu kwamba haogopi kitu chenye jina. Walipokaribia mlima Adamu akasema, "Pita kwa kasi. Vitu hivi vinashika wanaosita."

Abdulaziz akakanyaga mpaka chini.

Khu. Khu. Khu.

Adamu alikuwa ameshafungua mlango kabla gari halijasimama. Alionekana akienda kwa miguu kuelekea Handeni, mkono mmoja umeshika kofia, na baadaye alieleza kwa heshima zote kwamba goti lilikuwa linataka mazoezi.

Jioni Sharifu akapiga simu. "Bwana Abdulaziz, mara mbili tumepika pilau. Mara mbili tumelila wenyewe. Jumamosi ijayo saa saba mchana uwe hapa, au barua yako nairudisha kwa basi la kwanza. Dada yangu si kituo cha mizani, watu wanapita wakisita."

"Kuna jambo njiani, shemeji."

"Njiani pana lami. Na shemeji utaniita ukifika."

Alibakiwa na mtu mmoja wa kumuuliza, naye alikuwa mtu wa kuogopwa. Mashavu, mdogo wake Amne, alikaa nyumba ya tatu kutoka msikitini na alijua habari za mji mzima kabla hazijatokea. Siku ya arobaini, nguo za marehemu ziligawiwa kama desturi inavyotaka, lakini sanduku lake la bati lilibaki limefungwa. Ufunguo hushikwa na mdogo wa marehemu, na sanduku halifunguliwi mpaka mume aliyefiwa mwenyewe awepo, ashuhudie. Mashavu alimwita Abdulaziz mara nne. Mara nne Abdulaziz alipata mahindi ya kupakia.

"Leo mahindi yameisha?" Mashavu akauliza alipomwona mlangoni.

"Shemeji, nataka kujua kitu. Amne aliwahi kukwambia... kuhusu mimi kuoa?"

"Aliniambia."

Abdulaziz akashika fremu ya mlango. "Alisema nini?"

"Alisema wewe bila mke utavaa soksi zisizofanana mpaka kiama." Mashavu akamtazama miguuni kwa huruma. "Lakini hakusema oa, wala hakusema usioe. Ingia. Tufungue hili sanduku, limenichosha kunitazama."

Kufuli lililia. Harufu ya karafuu ikatoka, na Abdulaziz akageuza uso ukutani mpaka alipoweza kuurudisha. Ndani mlikuwa na miwani, rula ya mbao, vyeti, picha ya harusi yao, na chini kabisa kitu kizito kilichoviringishwa kwenye kanga mpya. Wote wawili walisoma kwanza maandishi ya kanga, wakitarajia neno kutoka kaburini. Kanga ilisema: UMBEA HAUNA POSHO.

"Hii si yangu," akasema Abdulaziz.

"Endelea kufungua," akasema Mashavu kwa ukali.

Mlikuwa na vijiboksi vinne vya kadibodi, na ndani ya kila kimoja plagi mpya inayometa. Juu yake karatasi ya daftari, mwandiko wa ubaoni uleule: *Plagi. Zibadilishwe ikifika 90,000. Usisubiri kitabu.*

Abdulaziz akatoka bila viatu mpaka kwenye gari. Kwenye dashibodi ilisomeka tisini na saba elfu na ushei.

Fundi wa Amne alikuwa Bernadina, Mshambaa kutoka Lushoto, mwenye gereji ndogo mtaa wa Chanika. Abdulaziz hakuwahi kumpelekea gari tangu msiba, kwa sababu siku moja, mbele ya watu, alimwambia kwamba yeye na Amne ni wanawake wawili wanaocheza mdako kwa plagi. Bernadina hakusahau. Alimsalimia shikamoo kwa ukamilifu wote, kisha akafungua boneti bila kuuliza tatizo ni nini.

"Linakohoa ukikanyaga," akasema. "Mlimani. Ukienda polepole halikohoi."

"Nani amekwambia?"

"Mji mzima umeniambia, mzee. Mpaka na rangi ya tende za kisomo."

Akachomoa koili nne zinazopeleka umeme kwenye plagi, akashusha soketi, ile spana ndefu ya mrija, kwenye shimo la kwanza, akazungusha taratibu. Plagi ikatoka. Akaishika kwenye mwanga karibu na moja ya zile mpya. Ncha ya zamani ilikuwa imelika, imekuwa mviringo kama jino la mzee, na nafasi kati ya ncha na mkono wake, anayoiita gepu, ingeweza kupitisha ukucha.

"Cheche inatakiwa iruke hapa. Gari likitembea pole, inaruka. Lakini turbo ni pepo, mzee. Ukikanyaga, inasukuma hewa kwenye silinda, inashindilia. Gepu likishakuwa pana namna hii cheche inazimwa, kama unavyozima kibatari. Fu! Ndiyo khu yako."

"Kitabu kinasema laki moja."

"Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajaonja mafuta yetu. Mwalimu alizihesabu: elfu thelathini, toa. Kabla hazijakohoa, si baada." Akachomoa ya pili. "Wewe huendi Misima kwa kukanyaga. Sokoni hukanyagi. Unakanyaga wapi, mzee?"

Abdulaziz akatazama viatu vyake.

"Basi," akasema Bernadina, kwa sauti ya chini zaidi. "Aliyekuwa anakohoa ni huo mguu wako."

Zile mpya alizifunga kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, kidogo tu, kwa upole ambao Abdulaziz aliufahamu, maana Amne alifunga vivyo hivyo vifuniko vya chupa za dawa. Abdulaziz alipotaka kuchukua plagi za zamani akazitupe, Bernadina alisema aziache, na akageuka kufuta macho kwa kitambaa chenye grisi, jambo ambalo halisaidii macho.

Jumamosi Abdulaziz alitoka saa tano, peke yake. Goti la Adamu lilikuwa bado linafanya mazoezi.

Alitegemea kuwa na furaha. Kilomita za kwanza alikuwa nayo. Lakini kadiri mlima ulivyokaribia, kitu kingine kikaingia garini na kukaa. Akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi, gari likapanda bila kushtuka, robo ya mlima, nusu, robo tatu. Abdulaziz akajikuta ameinamisha sikio. Akasubiri. Lami ikapita chini. Injini ilikuwa safi, yenye nguvu, na hamkuwa na mtu ndani yake.

Juu kabisa alisimama kando ya barabara, akazima gari.

Kwa mwaka na miezi minne hakulia. Siku ya mazishi alikuwa na wageni wa kulisha, siku ya arobaini nguo za kugawa, kisha mahindi. Na hizi wiki za mwisho, akiri asikiri, alikuwa na mke aliyekasirika mlimani, na mke aliyekasirika bado ni mke. Sasa fundi amemtoa kwa soketi. Aliegemea usukani na kulia kwa sauti kubwa, mpaka wapita njia wawili wenye baiskeli za mkaa wakashuka na kumuuliza kama gari limeharibika.

"Hapana," akawaambia. "Limepona."

Wakaondoka haraka.

Alifika Masuguru saa saba kasoro dakika tano. Sharifu alikuwa amesimama getini na barua mkononi kama mwamuzi mwenye kadi.

"Bwana Abdulaziz! Jini wako amekupa ruhusa leo?"

"Hapakuwa na jini. Zilikuwa plagi."

"Plagi?"

Akaeleza. Alieleza yote, na kwa kuwa macho yalikuwa bado mekundu alieleza pia mambo ambayo mposaji mwenye akili huyaficha: kukohoa kwa Amne, kisomo, sanduku, mlima. Sharifu alianza kwa kucheka, akamalizia kwa kutazama pembeni. Mlango ukafunguka, Husna akatoka ameshika mwiko. Alikuwa msimamizi kiwanda cha mkonge cha Ngombezi, kwenye korona, ile mashine kubwa inayochuna majani kuwa nyuzi, na alizoea kusema kwa sauti inayoishinda.

"Nimesikia yote dirishani. Nina swali moja. Gari lilizimika?"

"Lilikohoa. Likapoteza nguvu."

"Lilizimika?"

"Hapana."

"Korona yetu inakohoa tangu mwezi wa pili. Hatujawahi kuigeuza ikarudi shambani." Akaweka mwiko kwenye ukuta wa baraza. "Mara ya kwanza, aliyeshika usukani akageuza ni nani?"

Abdulaziz akageuka akalitazama gari.

"Ni mimi," akasema.

"Na mara ya pili?"

"Mimi."

"Basi marehemu umemsingizia." Sauti ya Husna ilishuka ghafla, kama mashine iliyokatwa umeme. "Na mimi nikaamini, uvumi ulipofika hapa. Unajua nilikwenda kwake? Jumatatu, baada ya wewe kugeuza mara ya pili, nilipanda basi mpaka Handeni, nikauliza kaburi la Mwalimu Amne, nikaonyeshwa. Nikamwambia: dada, kama hutaki, niambie mimi mwanamke mwenzio. Usimtishe mtu mzima barabarani, ana presha."

Hata Sharifu hakuwa na habari hiyo. "Husna! Ukasema unakwenda kutibiwa meno!"

"Akakujibu?" Abdulaziz akauliza.

"Nilikaa mpaka jua likanichoma utosini. Nikarudi. Na tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu jikoni, nahisi kuna mtu anasahihisha ninavyokata vitunguu." Hakutabasamu. "Siwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu kwa kusikia habari za plagi. Nipeleke huko mlimani. Sasa hivi. Ukanyage vilevile."

"Na pilau?" akauliza Sharifu.

"Litatusubiri. Limezoea."

Sharifu alipanda kiti cha nyuma bila kukaribishwa, kwa ajili ya heshima ya ukoo. Walivuka mto, mashamba ya mkonge yakapita safu kwa safu. Husna alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, mahali alipokaa Abdulaziz miaka yote Amne alipokuwa akiendesha. Karibu na Sindeni alijifunika mtandio vizuri, kama mtu anayekaribia mlango.

Mlima ukajitokeza. Abdulaziz akakanyaga. Mluzi wa turbo ukaanza chini ya sakafu, ukapanda nao.

"Hodi," akasema Husna, kwa sauti ya kawaida, akitazama mbele.

Injini ilinguruma.

Adabu inajulikana na kila aliyelelewa: unapiga hodi tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unageuka unakwenda zako bila kinyongo, maana mwenye nyumba hakutaka mgeni.

"Hodi," akasema tena, polepole zaidi.

Nusu ya mlima ikapita. Hapakuwa na kikohozi, wala sauti ya "karibu", wala neno. Jua tu kwenye lami, na joto la ajabu mle garini ingawa vioo vyote vilikuwa wazi. Abdulaziz alitaka kuinua mguu. Alihisi ukiinuka wenyewe. Akaurudisha chini.

Robo tatu. Akasubiri hodi ya tatu. Alimtazama Husna kwa pembe ya jicho na kuona ameuma midomo yote miwili, ameibana kabisa, machozi yanashuka mpaka kidevuni na hafuti, kama mtoto aliyekatazwa kusema kitu na ameamua kutii.

"Imebaki moja, dada," Sharifu akanong'ona kutoka nyuma.

"Nyamaza, kaka," akasema Abdulaziz.

Wakafika juu, wakaanza kuteremka upande wa Handeni. Husna hakufungua mdomo mpaka walipoziona nyumba za Misima, maana hodi ya tatu isipopigwa, hakuna wa kuikataa.